Kamera ya rivasi inakata picha: nibadilishe redio, au gari lina kasoro ya kiwandani?

Mama Wawili
Wadau hamjambo. Nina gari dogo la Kijapani la 2019, nililinunua kwenye yadi huku Ngong Road. Tangu mvua ianze, kamera ya nyuma inajiamulia. Naingiza rivasi, skrini nyeusi tii. Mara nyingine picha inakuja nikiwa nimeshaegesha. Kwetu Donholm watoto wanacheza katikati ya magari, kwa hivyo nikirudi nyuma roho iko mkononi. Fundi wa Kirinyaga Road anasema redio imekufa, ninunue ya Android. Shemeji amesoma kwamba magari mengi yanarudishwa kwa kampuni kwa sababu ya kamera na yanatengenezwa bure. Nimsikilize nani?

Fundi Waya
Dada, shika pesa yako kwanza. Redio inaimba? Kama inaimba, usikimbilie kuilaumu. Vuta handibreki, injini izimwe lakini swichi iwe imewashwa, ingiza rivasi. Kwanza tazama taa nyeupe za nyuma: zisipowaka, shida ni fyuzi au swichi ya giaboksi, kamera haina makosa. Zikiwaka, mtu akae ndani atazame skrini, nawe ufungue buti polepole huku ukiuchezesha ule mpira mweusi wenye mikunjo karibu na bawaba. Waya wa kamera hupita humo, na kila ukifungua buti unakunjwa. Picha ikirukaruka, umeupata ugonjwa. Kuunga waya ni kazi ndogo.

Na hiyo Android, angalia sana. Kamera za kiwandani za Toyota nyingi hutumia volti 6, za dukani 12. Fundi akiunga kwa waya wa taa ya rivasi bila kupima, anakuchomea kamera iliyokuwa nzima.

Jirani Buruburu
Kwetu kamera ni soja wa geti. "Kuja, kuja, kuja… simama!" Na kabla aseme simama, taa imeshavunjika 😂

Mzee wa Lang'ata
Shemeji yako hajadanganya, ila hizo habari nyingi ni za Marekani. Kule, tangu Mei 2018, kila gari dogo jipya lazima liwe na kamera, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Kwa hivyo kamera ikikataa, gari limevunja sheria ya usalama na kampuni lazima iyaite magari hayo, yaani yarudishwe yatengenezwe bure. Desemba 2021 Tesla iliita Model 3 zaidi ya 356,000 kwa sababu ya waya wa buti kuchakaa, ugonjwa uleule wa Fundi Waya. Ford nayo mwaka 2024 ilikubali adhabu ya hadi dola milioni 165, sehemu ya kosa ikiwa kuchelewa kuyaita magari yenye kamera mbovu.

Lako ni la soko la Japani. Huko kamera, au kifaa kingine cha kukuonyesha kilicho nyuma kama sensa au kioo, kimekuwa lazima kwa modeli mpya kuanzia Mei 2022, kwa hivyo ya 2019 huenda iliwekwa na muuzaji, au hata na hiyo yadi. Ya yadi haihusu kiwanda kabisa.

Mama Wawili
Sasa nitajuaje kama langu limeitwa? Tovuti ya Marekani ya kuangalia magari yaliyoitwa imeikataa namba ya chasi.

Mzee wa Lang'ata
Lazima ikatae. Wao wanataka tarakimu na herufi 17. Chasi ya Kijapani ni fupi, ina kistari katikati. Ingia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari, ukurasa wa kurudisha magari, simu ikutafsirie, uandike namba ilivyo kwenye logibuku.

Mama Wawili
Nimerudi. Buti likiguswa tu picha inaruka, kwa hivyo ni waya, na redio sinunui. Lakini tovuti inaonyesha gari liliitwa kwa pampu ya mafuta na halikuwahi kupelekwa! Yadi hawakuniambia neno.

Fundi Waya
Hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Pampu ikikataa, injini inaweza kuzima ukiwa mbioni.

Mzee wa Lang'ata
Piga picha ya huo ukurasa, mpigie wakala rasmi wa hapa, umsomee chasi, umuulize kama ana pampu na nani analipa. Jibu akupe kwa barua pepe. Safari ya ushago isubiri.

Mama Wawili
Napiga kesho asubuhi. Fundi, kuunga huo waya ni ngapi?

Fundi Waya
Niandikie inboksi, dada.