Seva iko mbele saa tatu, wao wananiambia "mbona iko sawa?"

Wadau, nimevumilia siku nne, imetosha. Kampuni inayotukodishia nafasi ya seva hapa Nairobi jina lake silitaji. Waliopitia humo wataijua tu.

Seva ni ya sacco ya matatu za Rongai. Jumatatu fundi wao aliizima abadilishe betri ya saa kwenye ubao mkuu, ile CR2032 ya duara kama sarafu. Ikawashwa, tukashukuru. Alasiri karani akanipigia: "Kaka, hii gari imefika Rongai saa tisa na dakika 35, na hapa inasema imetoka Railways saa kumi na moja na dakika 20. Nimwandikie nini kondakta?" Muda wa kutoka huandikwa na seva, wa kufika na simu ya kondakta.

Nikajaribu kuingia. Mimi huingia kwa tarakimu sita za kwenye simu, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Zikakataliwa. Tena, zikakataliwa. Simu na seva zisipokubaliana kuhusu saa, tarakimu hizo hazilingani hata ulie. Nimefungiwa nje ya nyumba yangu, ikabidi nimpe fundi nywila ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa seva, na kumsubiri.

Jibu la kwanza: zima, washa. La pili: pengine ni virusi. La tatu ndilo lililonipandisha presha. Alibadilisha ukanda wa saa kutoka Africa/Nairobi ukawa Europe/London, ambayo msimu huu iko saa tatu nyuma yetu, akanipigia picha skrini: "Si iko sawa sasa?" Tiketi ikafungwa.

Jamani! Mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux ya seva hii, huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa iliyo tatu nyuma ya yetu. Ukanda ni nguo tu unayoivisha hesabu hiyo ili binadamu asome. Amebadilisha nguo, mgonjwa bado ana homa: sekunde 10,800 za ziada ziko pale pale, na tarakimu zangu bado zinakataliwa. Tena mwishoni mwa Machi Uingereza ikisogeza saa zake, hata hiyo picha yake itakuwa ya uongo.

Alhamisi nikala foleni ya Mombasa Road, nikachomeka kibodi mwenyewe. Nikarudisha Nairobi, nikaandika timedatectl, amri ya kuonyesha saa za seva. Saa ya ubao 11:05, UTC 11:05, saa ya hapa 14:05. Simu yangu mfukoni: 11:05. Yaani fundi alipoweka betri aliingia BIOS, mipangilio ya ubao wenyewe, akaandika saa ya mkononi mwake, na Linux ikaisoma kama UTC, ikaongeza tatu zetu. (Ingekuwa nyuma saa tatu badala ya mbele, ningesema ameweka saa ya Kiswahili.)

Na kwa nini chrony, programu inayosahihisha saa kupitia mtandao, haikuirekebisha? Nikaandika chronyc sources: kila chanzo kina alama ya kuuliza, Reach sifuri, yaani hakuna jibu linalofika. Poti 123 ya UDP, mlango wa mtandao ambao chrony huulizia saa, wameifunga, na hawakumwambia mtu. Nimeiweka saa kwa mkono, nikaiandika kwenye ubao kwa hwclock --systohc --utc, lakini bila poti hiyo itaanza kupotea kidogo kidogo.

Kufungua poti, wanasema, kunahitaji saini ya meneja, naye yuko likizo.

Aliyewahi kufunga kipokezi cha GPS, kichukue saa kwenye setilaiti bila poti yao, kwenye raki ya kukodi aniambie: hawa watu huruhusu waya kupanda hadi paani?