Vilima vya Flint Hills naviona kwa macho, kwenye picha havipo

Nyasi_Ndefu

Wadau, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Kansas, Marekani, na wikiendi nyingi naishia kwenye barabara za kokoto za Chase County, karibu na hifadhi ya Tallgrass Prairie. Ukisimama pale unaona ardhi inapanda na kushuka kama shuka lililotupwa kitandani. Nikifika nyumbani nikafungua kompyuta, ubao mtupu: kijani chini, bluu juu, mstari katikati. Mke wangu alipitia picha arobaini za Jumamosi iliyopita akaniuliza kama zote ni ile ile moja.

Lenzi yangu ni ile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera. Natoka baada ya chai, nafika kama saa nne asubuhi, napiga mpaka saa tisa. Machweo nayo nimejaribu mara tatu. Anga linatoka rangi ya chungwa safi kabisa, ila nyasi zote zinakuwa mkaa, uzio unapotea, ng'ombe wanabaki madoa. Nikiongeza mwanga, ardhi inarudi lakini anga linaungua jeupe. Kuna jamaa kaniambia ninunue lenzi pana zaidi. Kabla sijatoa hela: tatizo ni lenzi au ni mimi?

Mzee_wa_Kivuli

Hela yako kaa nayo, mkuu. Lenzi pana itavifanya vilima hivyo viwe vidogo zaidi.

Shida kubwa ni saa unazopiga. Nimezurura huko miaka kumi na moja, na hesabu ninayoifuata ni moja tu. Vilima vya Flint Hills vina miteremko ya taratibu. Chukua mteremko wa digrii sita: hauwezi kujitia kivuli mpaka jua lenyewe lishuke chini ya digrii sita kutoka upeo wa macho. Mwezi wa sita, jua la utosi huko linafika kama digrii 75. Nguzo ya uzio yenye urefu wa mita moja na nusu inatupa kivuli cha sentimita 40, yaani hata mbwa hakimtoshi. Jua likiwa digrii tano, nguzo hiyo hiyo inatupa kivuli cha mita 17, kinavuka barabara na kupanda upande wa pili. Kuanzia digrii sita hadi jua kuzama una kama nusu saa. Picha zako zimo humo, na asubuhi nusu saa nyingine. Saa nne asubuhi jua limeshapanda, unapiga rangi tu.

La pili ni mahali unapoelekeza kamera. Machweo unayatazama usoni, kwa hiyo kila kitu mbele yako unakiona kwa upande wake wa giza. Geuka, jua likupige ubavuni. Barabara nyingi za huko zimenyooka kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, zimeachana maili moja moja, urithi wa upimaji wa ardhi ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1785. Kwa hiyo unayo dira chini ya matairi. Ila jua halifuati barabara mwaka mzima. Mwezi wa tatu na wa tisa, karibu na tarehe 20, linazama mwisho kabisa wa barabara ya magharibi. Mwezi wa sita linazama kama digrii 30 kaskazini zaidi, na mwezi wa kumi na mbili kama digrii 30 kusini zaidi. Kilima kilichokataa mwezi wa sita kirudie mwezi wa kumi na mbili, utadhani kimehamishwa.

Mwanga wa ubavuni ndio utakaokuonyesha ngazi. Chini ya nyasi kuna matabaka ya chokaa yenye mawe magumu ya gumegume, yale yale yaliyowashinda wakulima wa plau, ndiyo maana nyasi ndefu zimebaki huko wakati kwingine zimelimwa zikaisha. Matabaka hayo yanachomoza ubavuni mwa kilima kama vidato. Mchana huoni hata kimoja. Jioni kila kidato kina uzi mweusi chini yake.

Na usipige mandhari tu. Siku moja nenda magharibi zaidi, upande wa Rush County, kwenye zile nguzo za uzio za mawe. Mashimo yaliyotobolewa ili kulipasua jiwe yameacha mifereji kwenye kingo zake, mfululizo, kila mmoja unene wa kidole. Saa saba mchana nguzo ni jiwe tu. Dakika ishirini kabla ya machweo ina mbavu. Nilikaa na nguzo moja mpaka kiza, nikarudi na kupe watatu mguuni, na sijutii.

Onyo: jua likikaa mgongoni kwako, kivuli chako kinaingia kwenye picha. Kwenye picha yangu bora ya mwaka jana mimi nimo, miguu mirefu kama ya korongo, na stendi pembeni.

Dada_Machweo

Mzee namheshimu, lakini hilo la kulikimbia jua sikubali lote. Njoo uzione bluestem, zile nyasi ndefu za huko, mwezi wa kumi: zimekuwa rangi ya shaba, zimekuzidi kimo. Hapo litazame jua. Jani ni jembamba, mwanga unapita ndani yake, shamba zima linawaka kama taa ya chemli. Liweke jua nyuma ya kichaka kimoja au nguzo, kinga lenzi kwa kofia, na upime mwanga kwenye nyasi zinazowaka. Kivuli acha kiwe cheusi. Upepo wa huko hauna adabu, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde.

Kuhusu anga kuungua: tafuta filta yenye giza nusu ya juu tu. Upeo wa macho ulionyooka hivyo ndio unaoifaa, hakuna mlima wa kukatwa kichwa. Piga pia faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata.

Wingu_Moja

Mchana wa kiangazi msiutupe wote. Siku ya mawingu ya pamba, vivuli vyake vinatembea juu ya vilima. Funga kamera kwenye stendi, chagua kilima kimoja, subiri kivuli kifunike kilicho mbele na kile cha nyuma kibaki juani. Mimi nilisubiri dakika arobaini kwa picha moja, nikala mkate wote wa safari.

Na mvua kubwa ya jioni ikishapita usiondoke. Huwa inaelekea mashariki, jua linatokea chini ya wingu upande wa magharibi, nyasi zinang'aa mbele ya anga jeusi kama risasi. Radi ikiwa bado inasikika, kaa ndani ya gari.

Nyasi_Ndefu

Nimerudi, wakuu. Jumamosi nilifika saa mbili kasoro usiku, jua bado lipo (haya masaa ya huku sijayazoea). Nusu saa ya kwanza sikuona chochote, nikaanza kumlaani Mzee kimoyomoyo. Halafu ubavuni mwa kilima kikatokea kidato kimoja, kikafuata cha pili, cha tatu. Nilihesabu vitano. Ng'ombe mmoja alikuwa na kivuli kirefu kuliko gari langu. Nilipiga nikielekea kusini-mashariki, kwa lenzi ile ile, tena nikivuta hadi 55. Mwisho nikaifungua hadi 18 ili uzio wote uingie.

Hiyo ya mwisho ndiyo nimeipenda. Nimemwonyesha mke wangu, kaitazama muda mrefu, akaweka kidole kona ya kushoto chini: "Na huyu korongo?"