Msaada wakuu: majibu ya maabara yanasema "alumini", maharage yamedumaa

Mwana-Mufindi: Kamwene wakuu. Nina ekari mbili huku Mufindi, zamani palikuwa na miti ya miwati. Huu ni msimu wa tatu nalima maharage na mahindi. Maharage yanaota vizuri, yakishatoa majani machache yanadumaa. Mahindi yanakuwa na rangi ya zambarau kwenye majani. Kwenye duka la pembejeo waliniambia niongeze DAP, ile mbolea ya fosforasi na naitrojeni. Nimeongeza mara mbili, hela imekwenda na hali ni ileile. Juzi niking'oa shina la maharage nikakuta mizizi mifupi, minene, ncha za kahawia, vile vijizizi vya pembeni karibu hakuna. Nikapeleka udongo maabara: pH (kipimo cha uchachu, ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) 4.6, alumini sentimoli 2 kwa kilo. Nani kaleta alumini shambani kwangu? Jirani anasema ni sumu, nisiwalishe watoto maharage hayo. Cha kushangaza, pale nilipochomea visiki, kama hatua nne hivi, maharage ni kijani na yamebeba.

Udongo Mwekundu: Kamwene mkuu. Hakuna aliyeileta. Alumini ndiyo metali nyingi kuliko zote kwenye ganda la dunia, na udongo wa mfinyanzi umejengwa nayo. Ikiwa imefungwa humo haina shida. Mvua nyingi za nyanda zetu zimeosha kalsiamu na magnesiamu miaka na miaka, udongo ukawa mchachu. pH ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka. Chini ya 5 inazidi, na ile iliyo huru ndani ya maji ya udongo, yenye chaji tatu, ndiyo inayoshika ncha ya mzizi na kuuzuia kurefuka. Ulichokiona mkononi ndicho hicho hasa.

Alumini hiyohiyo inaikamata fosforasi, ndiyo maana mahindi yana zambarau na DAP yako haikuonekana. Halafu amonia iliyomo kwenye DAP inaongeza uchachu. Inaniuma sana mkulima akiambiwa "ongeza mbolea" bila mtu kuuliza pH.

Maharage hayo watoto wayale tu, hayana shida. Kwenye mimea mingi alumini hubaki mizizini, punje haipati kitu cha kutisha.

Bibi Shamba: Mwanangu, hapo kwenye visiki shamba limekujibu lenyewe. Majivu yamepunguza uchachu. Mimi nyuma ya zizi la zamani napata maharage kila mwaka, hatua kumi mbele hakuna kitu. Weka samadi iliyooza vizuri.

Udongo Mwekundu: Kweli kabisa mama. Mboji huifunga alumini, na ikishafungwa hivyo mzizi hauumii sana hata kama pH haijapanda. Ila kwa ekari nzima majivu hayatoshi, inatakiwa chokaa ya kilimo. pH ikipanda kupita 5.5 alumini inageuka kitu kigumu kisichoyeyuka, inabaki palepale lakini haidhuru. Kwa kipimo chako ni kama tani 3 kwa hekta, yaani kilo 1,200 kwa ekari.

Mwana-Mufindi: Mifuko 24 ya kilo 50 kwa ekari moja? Mkuu, hiyo sina.

Mkulima wa Chai: Basi sehemu nyingine weka chai, bosi. Chai haiogopi alumini, inaihifadhi kwenye majani yake ya zamani. Viazi mviringo navyo vinavumilia uchachu kuliko maharage.

Udongo Mwekundu: Anza na robo ekari, mifuko 6. Mwaga sawasawa Septemba au Oktoba, changanya na udongo mpaka kina cha jembe. Chokaa haishuki yenyewe haraka, ukiiacha juu mizizi ya chini itaendelea kuungua. Usiichanganye siku moja na urea wala DAP, utapoteza naitrojeni hewani. Chokaa ya kupaka nyumba usiiguse kwa kubahatisha, ni kali. Na usipitilize, zinki itakosekana.

Mwana-Mufindi: Nimeelewa wakuu, asanteni sana. Robo ya juu, karibu na visiki, naanza nayo Septemba. Robo ya pembeni nitaiacha bila chokaa nilinganishe. Maharage yakifika majani matatu nitang'oa shina kila upande nilete picha za mizizi hapa.