Mrejesho: mtoto anajua herufi ila hawezi kuunganisha

Niliuliza kwa nini mtoto ataje herufi zote lakini "ma" aisome "em-a". Kosa lilikuwa kufundisha majina ya herufi badala ya sauti. Dawa iliyofanya kazi: irabu tano kwanza, kisha m, s, l, n, kwa sababu sauti hizi huvutika: "mmmaaa", bila kupumua katikati. B, d, t na k zikaja baadaye. Hazivutiki, na ukizitamka na kijisauti cha ziada mwishoni ("bə") mtoto huunganisha takataka. B na d zisifundishwe kwa kufuatana, maumbo yake yanafanana mno.

Kwa tahajia tunatumia vifuniko vya chupa: kwa kila sauti ya neno mtoto anaweka kifuniko kimoja, ndipo aandike. "Ng'oa" ni vitatu tu, maana ng' ni sauti moja. Dakika kumi kwa siku zinatosha.