Tupeane uzoefu: ulishawahi kubishana siasa au dini na mtu wa upande wa pili na bado mkabaki mnasalimiana?

Wakuu habari za mchana. Nimeleta uzi huu kwa sababu kila kona nakutana na ushauri ule ule, eti ukitaka kuishi vizuri na watu usiguse siasa wala dini. Mie sikubaliani nao hata kidogo. Kwa nchi hii utakwepa vipi wakati baba mdogo ni balozi wa nyumba kumi, jirani ukuta kwa ukuta ni Chadema wa kufa mtu, shemeji mlokole hakosi mkesha na mama mkwe ni hajjati, na hao wote siku ya msiba wako chini ya turubai moja? Mtaongelea bei ya sukari mpaka lini?

Naanza mwenyewe. Kijiweni kwetu Buguruni, pale kwenye kahawa na drafti, kuna mzee mmoja hatumzidi kete wala maneno. Hakatazi mtu kubisha ila ukishaanza kupandisha mori anakuuliza, "umeona au umetumiwa?" Ukisema umetumiwa WhatsApp basi mada inaahirishwa mpaka apatikane alieona. Sasa 2023 lile sakata la mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, Bunge limepitisha mwezi wa sita, mwezi wa nane Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kupinga, ghafla tu mtaani ukiupinga mkataba wewe ni mkristo na ukiuunga mkono wewe ni muislamu. Kijiweni nako ikawa hivyo hivyo watu wameshaanza kukaa benchi benchi. Mzee akauliza nani hapa kafanya kazi bandarini? Wakajitokeza wawili, mmoja kuli mstaafu, swala tano, yeye mkataba haupendi kabisa anasema kaona wenzake walivyopunguzwa kampuni ilipobadilika, mwingine ni wakala wa kutoa mizigo, mzee wa kanisa, anautaka hata kesho kwa jinsi alivyochoshwa na meli kukaa nje siku kibao. Watu wakaishiwa pozi. Tulibishana mpaka magharibi ila sasa tunabishania makontena na sio nani anasali wapi.

Haya, leteni zenu. Matusi hapana.

WETE KWETU
Nyie wa bara mnacheza. Sie Pemba tulifika mahala watu hawazikani. Baada ya uchaguzi wa 95 na zaidi baada ya mauaji ya Januari 2001, ukijuulikana wewe CCM kwenye kijiji cha CUF, chama cha upinzani, dukani kwako haji mtu, harusi yako haji mtu, mpaka misikiti watu wamegawana. Baba yangu CUF damu, ami yangu tumbo moja nae CCM damu, walikuwa wakipishana njiani kila mmoja anaangalia migomba.

Bibi ndo alikuwa hataki upuuzi huo. Sikukuu ya Idi anapakua sinia moja tu, kama unataka kula kaa na mwenzio, hutaki rudi kwako na njaa yako. Basi wanakaa, samaki changu katikati, mikono inagongana kwenye wali na hakuna anaesema neno. Siku moja ami akaguna tu kuhusu karafuu, maana wote walikuwa na mikarafuu ya urithi na wote wakiuza shirika la serikali, ZSTC, bei ikiwauma sawasawa. Baba akajibu bila kumtazama. Wallahi waliongea karafuu mpaka chai ikapoa, nani analipwa nini, nani kakamatwa na magendo ya Mombasa, na humo humo ndani ya karafuu ndo siasa ikaingia, tena ile yenyewe, kwanini wewe uko huko na mie niko huku. Ami akasema yeye watu wake walipata ardhi baada ya mapinduzi hawezi kulisahau hilo. Baba nae akasema yake, mengine siyaandiki hapa.

Kura ya maoni ya Julai 2010 ya serikali ya umoja wa kitaifa wote wawili walipiga ndio, kila mmoja kwa sababu zake, ikapita kwa asilimia 66.4. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa walinuniana tena vizuri tu, ila safari hii hawakuacha kuzikana.

fundi bomba
Mkuu hiyo ya sinia nimeicopy, naipeleka kwa mashangazi zangu 😂

Kimya Kingi
Samahani nitaharibu uzi. Mnaongelea heshima kana kwamba shida ni watu kukosa adabu tu. Wengine hatuongei kwa sababu tunaogopa skrinishoti. Group yetu ya familia, intaneti iliporudi baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, kila mtu kaandika "tumshukuru Mungu tuko salama" basi, na humo ndani kuna watu walikuwa wanahitaji kuongea kweli kweli. Kaka yangu mkubwa yuko serikalini, mimi mawazo yangu anayajua. Tulichofanya, alikuja nyumbani akaacha simu kwenye gari, na mimi yangu nikaiacha chumbani, tukakaa uani mpaka usiku mwingi. Hatujakubaliana. Ila aliniambia mambo ambayo kwa simu asingeyasema hata umlipe. Kwahiyo ushauri wangu, mazungumzo mazito yasifanyikie WhatsApp.

Mleta uzi
@Kimya Kingi hujaharibu kitu mkuu, hii ndo nilikuwa naisubiri.

Mama Kulwa wa Sengerema
Mie niongelee dini. Huku kanda ya ziwa mtakumbuka mwaka 2013 Buseresere, Geita, watu walipigana kisa nani achinje na mchungaji akauawa. Sasa kipindi hicho hicho sie tunaoza dada, sie wakristo, baba anafuga mpaka nguruwe, na nusu ya waalikwa ni waislamu majirani zetu toka utotoni. Kamati ya harusi wote wamenyamaza, hakuna anaetaka kuligusa.

Jirani yetu mmoja shehe ndo alikuja mwenyewe asubuhi na kisu chake kwenye kanzu, akamwambia baba kavukavu, "mzee mwenzangu, kati ya masufuria haya ni yapi yameshapikiwa kitimoto?" Mie nikajua leo kumekucha. Baba akayaangalia, akanyoosha kidole, lile na lile la mpini uliokatika ndio, haya mengine hapana. Shehe akasema basi yale mawili pikeni ya kwenu na sie tutakula haya, akaenda kuchinja ng'ombe. Ilichukua dakika ngapi? Kamati wiki nzima wanatetemeka! Mpaka leo akiwa na shida na jambo la wakristo anamuuliza baba, na baba nae anamuuliza mambo mengine hadi naona aibu, kama kweli peponi kuna hivi na hivi 🙈 Wanabishana sana wale wazee, na hakuna aliebadili dini.

fundi bomba
Kitimoto kinapikwa na shehe yupo, hii nchi hii 😂😂

Pwani Tamu (Mombasa)
Jameni niwape ya huku Kenya. Mimi na shemeji yangu tulikosana 2017, yeye Jubilee ya Uhuru mimi NASA ya Raila, tukatukanana mpaka dada akalia. Halafu Machi 9, 2018 Uhuru na Raila wakatoka pale ngazi za Harambee House wakapeana mkono wakicheka. Wakubwa washapatana, sisi bado hata salamu hakuna! Hiyo iliniuma kuliko hata kura yenyewe.

2022 yeye kaenda na Ruto, mimi bado Raila. Usiku wa kuhesabu, tume ya uchaguzi ikawa inaweka fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwenye mtandao kila mtu ajionee, naona simu, ni yeye. Hata hakusalimia, akauliza, "umeiona fomu ya ile shule ya kwenu? Hebu nisomee, mimi mwandiko haunielei." Nikamsomea. Tukaanza kugawana, yeye vituo hivi mimi vile, tunajumlisha. Alfajiri jumla yake na yangu zikapishana kidogo, kila mmoja anamwambia mwenzake wewe ndiye umekosea, ikabidi tuanze upya kituo cha kwanza.