Naimba kwaya huku moyo umekauka: je, huu ni uvumilivu au ni unafiki?

Mama wa Vitenge (Goma)

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mjane, nauza vitenge katika soko la Virunga, na nimelelewa katika kanisa la Kipentekoste tangu utoto. Tangu mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, na mtaji wangu umebaki humo. Ndugu walioko Kinshasa wakinitumia kitu kwa simu, wakala hukata sehemu yake kwanza. Sokoni unaweza kukaa kutwa nzima bila kuuza hata kitenge kimoja, kwa sababu mtu anayehangaikia unga wa bugali hawezi kufikiria kushona nguo.

Hayo ningeyavumilia. Linaloniumiza zaidi lilitokea katika chumba cha maombi ninachohudhuria. Kiongozi aliniwekea mkono kichwani, akaniuliza mbele ya wote ni dhambi gani niliyoificha hata mlango wangu usifunguke, kisha likapitishwa daftari ambamo kila mama aliandika jina lake na kiasi cha dolari atakachotoa kama mbegu, ili Mungu amtendee kabla ya mwezi kwisha. Nililipitisha kwa jirani yangu bila kuandika kitu. Tangu siku hiyo watu wananitazama kama mtu ambaye imani yake imepungua.

Jumapili bado naimba kwaya. Lakini tunapofika pale pa kumshukuru Mungu kwa wema wake, midomo inaimba na moyo umenyamaza, na usiku swali langu kwa Mungu ni moja tu: hata lini? Naomba mnieleze, je, ninamdanganya Mungu kwa kuendelea kuimba? Na je, kumuuliza hivyo ni kumkufuru?

Mzee wa Kadutu (Bukavu)

Mama, pole sana. Mimi ni katekista Mkatoliki, kwa hiyo tutatofautiana katika mambo kadhaa, lakini Zaburi ni zetu sote. Swali lako la usiku si lako peke yako, maana Zaburi ya 13 inaanza na maneno hayohayo, "Ee BWANA, hata lini utanisahau?", na katika aya moja tu linarudi mara nyingine. Zaburi ya 88 ni nzito kuliko hiyo: inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza, bila shukrani yoyote ya kufungia, na bado iliwekwa katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Mtume Paulo naye anawaandikia Wakorintho, katika waraka wa pili, sura ya kwanza, kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Kama hiyo ni imani iliyopungua, basi tumepungukiwa sote.

Kuhusu yule aliyekutafutia dhambi iliyofichika, soma mwisho wa kitabu cha Ayubu, 42:7. Rafiki zake walikuwa na maelezo safi kabisa: umeteseka, basi umekosa. Mungu aliwakasirikia wao, akasema kwamba Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Afadhali wangeendelea kukaa kimya naye kama walivyofanya zile siku saba za kwanza.

Lakini neno ninalotaka ulitafakari zaidi ni la "kabla ya mwezi kwisha". Wengi wetu tunaukariri mstari wa Yeremia 29:11, kwamba mawazo ya Mungu kwetu ni "ya amani wala si ya mabaya", nao umeandikwa hata kwenye vioo vya mabasi. Ni wachache wanaosoma sura iliyotangulia. Humo nabii Hanania anasimama hekaluni na kuwatangazia watu kwamba katika miaka 2 mizima kila kitu kitarudi, vyombo vya hekalu na mateka pia. Bila shaka watu walifurahi. Yeremia akamwambia kwamba amewatumainisha watu uongo, kisha akawaandikia barua wale waliokwisha kupelekwa Babeli: itakuwa miaka 70, basi jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mlimo. Ule mstari tunaoupenda umo ndani ya barua hiyo ya miaka 70. Aliyeutumaini alitakiwa kupanda mboga katika nchi asiyoitaka. Ukipewa tarehe ya muujiza wako, Mama, jiulize kama unayemsikiliza ni Yeremia au ni Hanania.

Sisi wa Bukavu tulimwona Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyepelekwa uhamishoni Butembo Februari 2000 na waliotawala mji wetu wakati huo. Alirudi kwetu Septemba, na Oktoba mwaka uleule akafia Roma. Sijasikia mtu hapa akisema kwamba alikosa imani.

Mwanakwaya wa Katuba (Lubumbashi)

Mama yangu, shikamoo. Nakubaliana na Mzee wa Kadutu kwa sehemu kubwa, ila naomba tusivibeze vyumba vya maombi vyote kwa sababu ya daftari moja. Mume wangu alipoachishwa kazi mgodini, waliotubeba ni mama wa chumba cha maombi cha mtaa wetu, waliofunga na kuomba pamoja nasi, na mmoja wao akaja na kilo za unga wa mahindi chini ya kitenge chake ili majirani wasituone tukipokea. Kulia mbele za Mungu ni haki yetu, lakini Hana, ambaye kuhani Eli alimdhani kuwa mlevi, alilia na kuomba jambo kwa jina lake. Kwa hiyo endelea kuomba benki zifunguliwe, omba wateja, omba hasa. Nina hofu kidogo na mafundisho yanayotufariji mpaka tukaacha kuomba.

Juu ya ile mbegu sina utetezi wowote. Sadaka ya mjane katika Marko 12 huhubiriwa sana siku za michango, lakini anza kusoma aya ya 40, mistari michache kabla yake, ambapo Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Paulo naye anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, wala si kwa huzuni au kwa lazima. Kuliacha daftari lipite ulikuwa uamuzi halali.

Nawe umeuliza habari za kwaya. Wimbo wa kanisa si taarifa ya hali ya moyo wako Jumapili ile. Ni ungamo la mkutano mzima. Wiki hii sauti ya pili inakuimbia wewe, na wiki nyingine wewe utamwimbia mwenye sauti ya tatu aliyefiwa. Mnafiki huimba ili aonekane, nawe unaimba kwa kuwa hujataka kuondoka.

Kijana wa Ndosho (Goma)

Mama, naishi mji mmoja nawe, basi sitakueleza habari za benki. Naongeza mfano mmoja wa hapa kwetu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa iliyotolewa ili vyakula vilivyoharibika viingie na kuuzwa kwa watu, na Julai 2007 akatekwa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, wakati sisi tukiwa katika hali hii hii. Alimtumaini Mungu, na mlango haukufunguka. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo", bado hawataisujudia sanamu. Maneno hayo hayasikiki sana katika mahubiri ya siku hizi.

Ila imani bila chakula ni maneno tu, kama Yakobo alivyoandika. Wapo mama wa kanisa letu waliorudia likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ya kiasi kidogo sana, wakiamua kwamba zamu ya kwanza ni ya mwenye njaa zaidi, bila kupiga kura. Muulize shemasi wako kama jambo hilo linawezekana kwenu. Kama chumba hicho kitaendelea kukuaibisha, hama chumba, usihame kanisa.

Mama wa Vitenge (Goma)

Mungu awabariki. Nimesoma Yeremia 28 na 29 kwa mfululizo, na nimecheka peke yangu sokoni, jambo ambalo majirani wa kibanda wameliona. Chumba kile sitarudi. Nitazungumza na shemasi juu ya likelemba.

Limebaki moja. Mwanangu mkubwa, wa miaka 15, alisikia habari za daftari, na sasa anasema hataki kusikia tena habari za Mungu wa mama. Nimlazimishe kwenda kanisani?

Mzee wa Kadutu (Bukavu)

Usimlazimishe, Mama, lakini usimfiche chochote. Mwambie kwamba hukuandika jina lako katika daftari na sababu yake, kwa maana huenda anadhani kwamba kumkataa yule kiongozi na kumkataa Mungu ni jambo moja, naye hajawahi kuona mtu mzima akifanya la kwanza bila la pili. Msomee Zaburi ya 88, yote, na usiifungie kwa maelezo. Kama kwaya yenu inahitaji mtu wa kubeba ngoma au spika siku ya mazoezi, mwombe akusaidie kazi hiyo bila kumdai aingie ndani.

Kijana wa Ndosho (Goma)

Hata sisi tunatafuta mpiga ngoma. Akitaka kuja kwetu, mazoezi ni Jumamosi saa nane mchana, na hakuna atakayemuuliza kama ameokoka.