Mrusha droni katajwa, mpiga ilimba hajatajwa! Hizi kolabo zenu zina nini?

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za zilipendwa. Hili ni la juzijuzi na bado linanichoma.

Iko hivi. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni Mgogo wa Dodoma vijijini. Anapiga zeze na ilimba, kile chombo cha ubao chenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, tangu hajaota ndevu. Jina lake sitaliandika humu mpaka mwenyewe aridhie, na ndiyo, najua inachekesha kulalamikia jina halafu na mimi nalificha. Tulieni kwanza.

Mwaka jana prodyuza mmoja wa Dar akanitafuta. Ana msanii wa bongo fleva, ana mpiga saksafoni katoka Ulaya, wanataka "ladha ya asili". Nikamleta mzee kwa basi, nikashinda naye studio siku nzima. Alichoondoka nacho: nauli ya kwenda na kurudi, chipsi kuku, na 80,000 mkononi. La hela nimelimeza. Kila mtu ana njaa yake.

Sasa wimbo umetoka. Nikafungua maelezo chini ya video. Mwimbaji yupo. Mzungu yupo. Prodyuza kajitaja mara mbili. Aliyevalisha yupo, kinyozi yupo, mrusha droni yupo tena na shukrani za pekee. Mpiga ilimba hakuna. Nikasema labda kwenye programu za kusikilizia muziki wameweka. Nikabonyeza sehemu ya watunzi. Pale alipotakiwa kuwa mzee pameandikwa "asili".

Asili! Ule mpigo wa ilimba unaofungua wimbo, ambao ndio watu wanaukata na kuuchezea huko mitandaoni, mzee aliutunga mwaka ule ng'ombe wake walipoisha kwa ukame. Haukuachwa na mababu. Ni wake, na yeye yupo hai, anakula ugali wa uwele na ana laini ya simu. Asili ndiyo nani? Anaishi wapi? Ana akaunti benki?

Ngoja niwape ya studio, mjue tunashughulika na watu gani.

Ilimba ya mzee ina vyuma 36. Vingine havipigwi kabisa, vipo tu kuitikia wenzao wanapoguswa. Ubaoni kuna tundu dogo limezibwa na utando mweupe wa buibui, na huo ndio unaotoa ule mvumo, kama nyuki kaingia kwenye kibuyu. Mzee alibeba utando wa akiba ndani ya kiberiti, kaulaza juu ya pamba, na alifanya la maana, maana ule wa kwenye ilimba ulichanika tukiwa hatujafika hata Morogoro. Studio akaketi, akalamba ncha ya kidole, akaubandika mpya taratibu huku chumba kizima kimya. Akapiga. Prodyuza akavua hedifoni: "Mzee wangu, kuna kitu kinakwaruza hapo, hatuwezi kukitoa?"

Mzee akanitazama mimi. Nikamwambia prodyuza hicho kinachokwaruza kimesafiri kutoka Dodoma kwenye kiberiti.

Haikuishia hapo. Akavuta kinanda, akabonyeza noti mbili tatu, akatangaza kwamba chombo kimetoka nje ya kii. Wakuu, Mgogo hatyuni kwa piano! Ngazi ya sauti zao inafuata zile sauti ndogo zinazojizalia zenyewe ndani ya mlio mmoja mzito, na kuna moja inaangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Ndiyo maana Wagogo wakiimba kwa pamoja unasikia kitu ambacho huwezi kukipata kwingine. Yule Mzungu alikinasa palepale. Akawa analegeza midomo kwenye saksafoni ili ashuke kidogo amfuate mzee. Wakaenda robo saa hivi wanachekeana, huyu hajui lugha ya yule. Mimi nilisisimka, sisemi uongo.

Hiyo robo saa haimo kwenye wimbo. Kilichomo ni ilimba iliyonyooshwa kwa kompyuta na kusafishwa mvumo mpaka inalia kama alamu ya simu ya mchina.

Halafu kabla hamjaanza: leo wale wa "wazungu wanatuibia" mkae pembeni. Yule ndiye pekee aliyeuliza jina la mzee, akaliandika kwenye daftari herufi kwa herufi. Aliyelifuta ni mwenzetu, anayeongea Kiswahili safi kuliko mimi.

Kuna atakayeniambia jina lina faida gani. Mimi mwenyewe nimekulia Dar, Kigogo naokoteza. Muziki wa kwetu nimeujulia kwa jamaa yangu Kinondoni aliyekuwa na sidii ya Hukwe Zawose, zile zilizotolewa Uingereza na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Nikasoma kava: Zawose, Tanzania, ilimba. Nikampigia mama kumuuliza ilimba ni kitu gani. Mama akacheka, akasema: "Hata kaka yangu, mjomba wako, anapiga." Yaani mjomba nimemfahamu kupitia jina la mtu mwingine kwenye kava lililochapwa Ulaya! Kutoka hapo nikajua Zawose alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, nikaitafuta albamu ya Assembly aliyofanya na Michael Brook, mpiga gitaa Mkanada, na majina yote mawili yako juu ya kava, hakuna aliyekuwa "asili" wa mwenzake. Njia hiyohiyo ikanifikisha kwa Remmy Ongala na Super Matimila, nao walirekodi kwa haohao Real World.

Sasa kijana wa Kigali au Mombasa akiipenda hiyo ilimba leo, aende wapi? Nimepita kwenye maoni, kuna watu zaidi ya kumi wanauliza hicho chombo ni nini. Akaunti ya prodyuza imejibu mmoja tu: "Siri ya jikoni." Jikoni kwa nani?

Na msiniambie haiwezekani. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, zama za santuri, na mpaka leo tunawajua wenzake kina Maalim Shaaban na Mbaruku. Uganda kuna kijiji cha Nakibembe huko Busoga. Wana marimba kubwa inayoitwa embaire, inawekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, wanaizunguka watu kadhaa na kuipiga kwa pamoja. Wamerekodi na vijana wa Indonesia wanaopiga muziki wa kompyuta wa fujo kweli, na kava limebeba jina la kijiji chao. Sisi tunashindwa kujaza kisanduku kimoja kwenye fomu ya kupandishia wimbo. Halafu hao hao kesho wataendesha mjadala redioni kuhusu nani hasa alitunga Malaika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Hakishiriki maana yake hata aliyepiga tu ana haki zake, achilia mbali aliyetunga. Mwenye uzoefu wa kufungua shauri COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa mtu asiye na mkataba wa maandishi aje anielekeze, na aje taratibu, mimi ni fundi friji si mwanasheria.

Na wewe prodyuza, najua humu unasoma, tena una ID mbili. Jina la mzee usiseme umelisahau. Unalo kwa mwandiko wake mwenyewe, kwenye ile karatasi ya nauli uliyomsainisha ili ukadai hela yako kwa wafadhili. Nakala ninayo. Nikipata bando naipandisha hapa.